Salama Tu, Ila

Sauti ilifika ikiwa imechakaa. Ilikuwa imetoka Mirihi, ikasafiri angani kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa, ikadakwa na Sikio, ile sahani kubwa ya chuma iliyosimikwa juu ya majabali ya Singida. Sasa ilikuwa ikikwaruza ndani ya ukumbi mdogo wa Umoja wa Familia za Wachimba Barafu. Ilikuwa sauti ya kijana mmoja, Hamadi. Aliongea, akasita, akarudia, akamtaja shangazi huyu na mjomba yule. Hakuna aliyemwelewa vizuri, hata mama yake, Bi Zaituni, aliyekaa mbele kabisa akiwa ametega sikio.

Ndipo Mshenga, mtambo mpya wa majaribio, aliposhika kazi.

Ukutani palichomoza mstari wa nuru ya kijani. Ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia, na Hamadi yuleyule akasema tena, kwa sauti yake mwenyewe, safi kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Mama, shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inakwenda vizuri. Wasalimie wote nyumbani."

Bi Zaituni alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Watu wakapiga makofi.

"Huyo ndiye mwanangu," alisema. "Wiki zote hizi nilikuwa nasikia bati likikwanguliwa."

"Nami niliyesema mashine hazina adabu," alisema Bwana Mtinda, mwenyekiti, "leo nimesikia moja ikitoa shikamoo vizuri kuliko wajukuu zangu."

Watu wakacheka. Skolastika Mughwai, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na dirisha, akatabasamu pamoja nao. Hakupiga makofi, lakini si kwa kuwa hakupendezwa. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza tovuti wa Umoja, na kamati ilimpa kazi ya kupima mifumo na kushauri upi uchukuliwe. Aliona si vizuri mpimaji kupiga makofi kabla ya kupima.

Tovuti yenyewe iliitwa Sauti za Barafuni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea salamu za watu waliokwenda kuchimba barafu Mirihi, kuziweka mahali ambapo ndugu zao wangezikuta, kisha kukusanya salamu za ndugu na kuzirusha kule. Mazungumzo ya moja kwa moja hayakuwezekana. Ukimuuliza mtu wa Mirihi amekula nini, jibu linakukuta umeshasahau swali. Kwa hiyo watu walirudi kwenye desturi ya zamani ya kutumiana salamu. Kila Jumamosi, kila familia ilipewa nafasi yake kwenye mwale, ule mkondo mwembamba wa mawasiliano ambao serikali iliwaachia raia.

Mfumo uliokuwa ukiendesha tovuti hiyo ulikuwa wa siku nyingi, na watu waliuita Kabati, kwa sababu ulichojua ni kuhifadhi tu. Uliweka kila kilichoingia, kwa mpangilio kilivyoingia. Waliouunda walikuwa wamefunga kazi zamani. Siku hizi Kabati lilikuwa likichoka waziwazi: liliweka salamu za mtu chini ya jina la mtu mwingine, na mara moja lilimpelekea mjane mmoja salamu za mapenzi zilizokusudiwa kwa mke wa jirani. Mjane huyo alikuja ofisini kusema hana malalamiko, lakini wengine walikuwa nayo.

Basi palikuwa na mifumo miwili ya kuchagua. Mmoja ulikuwa huyo Mshenga, aliyepewa jina la mtu anayetumwa kupeleka maneno ya posa, kwa kuwa naye alijua kuchukua maneno ya mtu na kuyafikisha yakiwa yamenyooka. Alisikiliza, akaelewa, akafupisha, kisha akayasema upya kwa sauti ya mwenye maneno. Kwa kuwa alifupisha, familia zote zingepata nafasi kila Jumamosi. Mwingine uliitwa Karani. Karani hakuelewa chochote. Alipokea, akasafisha mikwaruzo kadiri alivyoweza, akahifadhi neno kwa neno. Kusafisha sauti nzima kulichukua muda na nafasi kubwa mno: kwa Karani, kila familia ingefikiwa mara moja kwa mwezi, tena angehitajika mtu wa kukaa na kusikiliza kila sauti kabla ya kuipangia ukurasa wake.

Kwa mtazamo wa kwanza haukuwa uchaguzi mgumu.

*

Skola hakusomea kazi hii darasani. Alianza kwa kutengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, akajifunza moja baada ya jingine, na kila alichojifunza alikishika polepole kama mtu anayepanda majabali ya Singida viatu mkononi. Kila mfumo aliouchukua kuupima aliuuliza maswali yaleyale. Vitu vinakaa wapi? Nani anaweza kuvifungua? Waliokuunda wakiondoka, tutabaki na nini mkononi?

Kwa swali la mwisho, Mshenga alikuwa na kasoro. Alihifadhi kile alichokisema yeye tu. Sauti ya kwanza, ile yenye mikwaruzo, aliitupa mara tu alipomaliza nayo. Skola aliliandika jambo hilo, lakini hakulipa uzito sana. Nani anayehifadhi maganda baada ya kula karanga?

Alikuwa akiishi peke yake, nyumba ya tatu kutoka barabara inayokwenda ziwa Kindai, mahali ambapo upepo haukomi na mapanga makubwa ya kufua umeme huzunguka juu ya mashamba ya alizeti mchana kutwa. Mvunaji wa alizeti siku hizi alikuwa roboti. Muuza duka alikuwa roboti pia, aliyemjua kwa jina na kumuuliza hali kila asubuhi, na aliyejibiwa kila asubuhi. Zamani, Jumamosi zilipokuwa ngeni, familia zilijazana kwenye ukumbi wa Umoja kusikiliza kwa pamoja, na kila sauti iliyoingia ilishangiliwa na watu wasio na undugu nayo. Kisha kila mtu akapata kisikilizio chake cha nyumbani. Ukumbi ukabaki na Skola.

Alibaki na mama yake, nyumbani. Kisha mama naye akafariki.

Sasa ndugu aliyekuwa naye duniani hakuwa duniani. Msengi, mdogo wake wa pekee, alikuwa Mirihi mwaka wa nne, na kati yao palikuwa na jambo ambalo Skola hakumwambia mtu. Alikuwa amempelekea Msengi habari za kifo cha mama. Jumamosi iliyofuata ikaja salamu ya Msengi: "Dada, shikamoo. Nafurahi kusikia huko mvua zimekuwa nzuri. Msalimie mama. Mwambie asiache dawa za presha."

Skola alidhani salamu zimepishana njiani. Akatuma tena, akauliza kwa upole kama yale ya mama yamemfikia. Jibu likaja: "Nafurahi mko wazima, dada. Msalimie sana mama."

Baada ya hapo hakuweza kuuliza tena. Alijiambia kwamba kila mtu huomboleza kwa namna yake, na aliye mbali kiasi kile labda hukataa kabisa, ili apate nguvu ya kuamka na kwenda kuchimba. Alisubiri. Miezi ikapita, na kila Jumamosi Msengi alimkumbusha mama dawa. Polepole, uvumilivu wa Skola uliingiwa na kitu kichungu. Aliyeosha maiti alikuwa yeye, na aliyepokea wageni siku zote za matanga alikuwa yeye. Alitaka neno moja tu kutoka kwa mtu mwingine aliyemwita mama yule mama, neno la kumwonesha kwamba msiba ule haukuwa wake peke yake. Hakulipata. Alikuwa ameanza kujibu kwa maneno yasiyo uongo wala kweli. "Salamu zako zimefika, Msengi," alisema, akafunga kipaza sauti.

*

Mhandisi aliyetumwa na kampuni kumsaidia kumpima Mshenga aliitwa Salehe Ntandu. Alikuwa kijana mwenye miguu mirefu, mtaratibu, aliyezoea kujibu swali baada ya kulifikiria kwanza. Asubuhi moja alifika amechelewa. Mshenga alikuwa tayari amewashwa, nuru yake ya kijani ukutani, akifuatilia kila kilichosemwa chumbani, kama alivyozoeshwa wakati wa majaribio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, mama. Ila mtoto hajalala. Homa imempanda usiku kucha, mama yake amemrudisha hospitali sasa hivi."

"Pole, baba. Wamesemaje?"

"Wanapima bado."

"Sasa umekuja kufanya nini? Ungebaki naye."

"Wamenifukuza. Mama mkwe anasema nazunguka wodini kama feni."

Skola alicheka kidogo, akageuka kumvutia kiti. Hapo ndipo alipouona ukuta. Mshenga alikuwa amemaliza kazi yake, na muhtasari ulikuwa umeandikwa kwa herufi nzuri zilizopangika: *Ntandu amefika. Habari za nyumbani kwake ni nzuri.*

Skola alikigeuza kiti ili Ntandu akikaa atazamane na ukuta.

Ntandu alikaa, akasoma. "Kumbe sina shida," alisema, akacheka. Kisha cheko likamwishia.

"Kwa nini amefanya hivyo?" aliuliza Skola.

Ntandu alifikiri kwanza. "Amefundishwa kwamba swali likiulizwa, jibu ni lile linaloliandama. Umeuliza habari, nimesema nzuri. Kwake kazi imekwisha. Yanayofuata anayaona kama nyongeza, anayapa uzito mdogo, na nafasi ikiwa finyu, kilicho chepesi ndicho kinachotupwa."

"Lakini wewe ulichokuwa unaniambia ni mtoto. Nzuri ilikuwa kubisha hodi tu."

"Najua, mama. Sasa hivi najua."

"Aliyemfundisha hakuwahi kusalimiwa?"

"Sehemu kubwa nimemfundisha mimi," alisema Ntandu. "Nasalimia watu tangu nijue kusema. Ila sijawahi kujisikiliza nikisalimia."

Alikuwa amelitaja tena lile neno, ila, bila kujua. Skola alilisikia likipita. Akaanza kuyapanga mambo moja baada ya jingine, kama alivyozoea, na hakuyapenda yalikokuwa yanaelekea.

"Huko Mirihi," aliuliza polepole, "kituoni. Salamu zetu zikifika, wanapokelea mfumo gani?"

"Huyuhuyu. Wachimbaji wana muda mchache wa kupumzika, kituo kikaomba kitu cha kufupisha. Wao wanaotuma huku wanatuma sauti nzima, lakini zinazoingia kwao zinapitia kwa Mshenga. Tuliwafungia mwaka huu. Kabla ya Pasaka."

Mama alifariki baada ya Pasaka.

Skola aliinuka, akaenda kusimama dirishani. Nje, mapanga ya umeme yalikuwa yakizunguka kwa mwendo uleule. Aliongea bila kugeuka.

"Nilimwambia mdogo wangu kwamba mama amefariki. Nilimwambia kama watu wanavyoambiana. Nilikaa asubuhi nzima nikiyapanga maneno ili yasimwangushe, maana hana mtu wa kumshika kule."

Ntandu aliuliza kama ile sauti bado ipo.

Ilikuwepo. Kabati, pamoja na uchovu wake wote, halikuwahi kutupa kitu. Skola aliitafuta, akaifungua, na wakaisikiliza wote wawili. "Msengi, mdogo wangu, hujambo. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeishia vizuri na alizeti imekubali. Ila mama alizidiwa juzi, tukamkimbiza hospitali, na jana alfajiri, mdogo wangu, ametutoka." Sauti iliendelea, ikaeleza, ikalia, ikajituliza, ikamtia moyo.

"Mpe Mshenga," alisema Skola.

"Si lazima tufanye hivyo, mama."

"Mpe."

Mstari wa kijani ulitetemeka na kutulia. Skola akamsikia Skola akisema, kwa sauti yake mwenyewe, bila kovu lolote pale ilipokatwa: "Msengi, mdogo wangu, hujambo. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeishia vizuri na alizeti imekubali."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye furaha. Hata pumzi ya mwisho ilikuwa imeondolewa.

*

Kamati ilikutana Alhamisi. Skola alieleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Alipomaliza, Bwana Mtinda alikuna kidevu.

"Mama Mughwai, hatujakataa. Lakini neno moja? Kijana huyu hapa ni mhandisi. Si amwambie tu mtambo wake kwamba ila ni neno zito?"

"Inawezekana," alisema Ntandu. "Ni kazi ya siku chache."

"Na lakini?" aliuliza Skola.

"Nalo pia."

"Na mtu akisema hivyo hivyo tu? Akisema tunasukuma siku? Akisema Mungu anasaidia, na wewe ukajua kwa jinsi alivyosema kwamba hajala tangu jana?"

Ntandu alitikisa kichwa.

"Na akivuta pumzi kabla ya kusema nzuri?"

"Pumzi inahesabiwa ni kelele," alisema Ntandu. "Inasafishwa kwanza, kabla ya maneno kusikilizwa."

Bi Zaituni hakuridhika. "Mimi namsikia mwanangu kila Jumamosi. Mnataka nimsikie mara moja kwa mwezi? Kwa ajili ya pumzi?"

"Hamadi wa siku ile, ile sauti yake ya kwanza, ninayo, ilibaki kwenye Kabati," alisema Skola. "Nimeisafisha kwa Karani. Sijaisikiliza mpaka mwisho, si yangu. Ukitaka tutaifungua. Usipotaka, tutaiacha."

Bi Zaituni akaitikia kwa kichwa.

Mikwaruzo haikuisha yote. Ilibidi watu wainame, wanyamaze, hata kiti kisilie. Hamadi alitoa shikamoo. Alisema ni mzima, kazi inakwenda vizuri. Alisita. "Ila mama, huu mkono wa kushoto haushiki kitu tena. Wananiambia utarudi. Usimwambie baba. Wasalimie wote nyumbani, shangazi Mwasiti, mjomba Idi..." Aliwataja wote, jina moja moja, na sauti yake ilionesha kwamba hakutaka kufika mwisho wa majina.

Bi Zaituni aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akaupakata.

"Mimi," alisema Bwana Mtinda baadaye, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena, "nilimwambia binti yangu kwamba jiko limeungua na nusu ya nyumba. Akanijibu kwamba anafurahi kusikia tuko salama. Nikasema moyoni, basi, huyu ameshakuwa mtu wa huko. Sikumtumia salamu tena mpaka Ramadhani."

Mtu mwingine akasema lake. Na mwingine. Kila mmoja alikuwa na jambo kama hilo, na kila mmoja alikuwa amelibeba peke yake nyumbani kwake, karibu na kisikilizio chake, akiona aibu kumwambia jirani kwamba wa kwake hamjali tena. Laiti wangekuwa bado wanakaa pamoja Jumamosi, lingejulikana katika wiki ya pili. Skola aliwaza hivyo, lakini hakusema, kwa kuwa kila uso uliokuwa mbele yake ulikuwa ukiwaza hivyohivyo.

Walimchagua Karani. Haikuwa kwa sauti moja. Wawili walisema wazi kwamba bora kusikia kidogo kila wiki kuliko kungoja mwezi, na Skola hakuwaona wakosefu. Bi Zaituni alinyoosha mkono kumchagua Karani bila kumtazama mtu. Kisha akauliza nani atakaa kusikiliza sauti zote hizo kabla hazijapangwa. Skola akasema atakaa yeye.

"Siku nzima, peke yako, na masikitiko ya watu wote?"

"Nimezoea kukaa."

"Hujaulizwa kama umezoea," alisema Bi Zaituni. "Jumatatu nitakuja."

Lakini hilo lilikuwa la upande wa huku. Kule juu, Mshenga angeendelea kuwepo mpaka kituo kikubali kumwondoa, na barua za kituo zilisema jambo hilo litaangaliwa. Ntandu alisimama mlangoni watu walipokuwa wanatoka. Mtoto wake alikuwa ameshapona. Alilisema hilo kwanza kabisa, kabla hata ya salamu, na wote wawili wakaona jinsi lilivyokaa vibaya mdomoni.

"Ipo njia moja, mama," alisema. "Mshenga hafupishi kitu kisichofupishika. Maneno machache sana, ya pumzi moja, huyapitisha yalivyo."

"Machache kiasi gani?"

"Manne. Labda matano. Na yasianze na salamu, maana akiisikia salamu anaishika hiyo na kuacha mengine."

*

Ijumaa mchana Skola aliketi mbele ya kipaza sauti na ukumbi wote ulikuwa mtupu. Upepo ulikuwa ukisukuma mlango na kuuachia.

Alijaribu. "Msengi, mdogo wangu, hujambo," alisema, akasimamisha, akafuta. Mdomo wake ulikuwa umeanza wenyewe. Alijaribu tena, na mara hii maneno yalitoka, lakini "ametutoka" lilionekana refu, lenye njia ya kupita pembeni, na aliogopa mashine ile isije ikadhani mama ametoka kwenda mahali. "Amefariki" lilikuwa la heshima, na lilijulikana. Lakini kumwambia mtu hivyohivyo, bila kumkalisha kwanza, bila kumuuliza hali, bila kumwambia kwamba wengine ni wazima! Watu hawapeani msiba namna hiyo. Hata polisi wakileta habari mbaya mlangoni hupiga hodi, hukaribishwa, huuliza hamjambo.

Alifikiria kumwacha Msengi kama alivyo. Kule Mirihi palikuwa na mtu mmoja ambaye mama yake alikuwa bado hai, anakunywa dawa zake za presha, anaota jua kibarazani na kuulizia simu. Hakukuwa na mtu mwingine popote mwenye mama huyo. Skola angeweza kumwacha naye. Angeendelea kusema salamu zimefika.

Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa lilikuwa wazo zuri, na hakuwa mwepesi wa kuhukumu hata wazo. Kisha akaona kwamba ndivyo Mshenga anavyofanya.

Alivuta kipaza sauti.

"Mama amefariki, Msengi. Alifariki Mei."

Akairusha bila kuisikiliza, akafunga ofisi. Alitembea mpaka Kindai na kurudi. Muuza duka alimuuliza hali. Alifungua mdomo kujibu, kisha akapita bila kujibu, na roboti ikamtakia mchana mwema.

Jibu halikuja siku ile. Jumamosi zamu ya kwanza ya Karani ilikuwa ya familia nyingine, na Skola alizisikiliza sauti zao zote pamoja na kusita kwao na vikohozi vyao, akazipanga kwenye kurasa zake. Jumamosi ya pili vilevile. Alianza kuamini kwamba amemuua mtu kwa maneno matano.

Zamu ya Skola na Msengi ilipofika, Bi Zaituni alikuwepo. Alipoona jina lililojitokeza kwenye kioo, aliinuka kutaka kutoka nje. Skola akamwomba kwa mkono abaki.

Mikwaruzo ilikuja kwanza. Nyuma yake palisikika mtambo wa hewa wa kituo ukinguruma, kisha mtu akihema. Alihema kwa muda mrefu. Karani, ambaye hakuelewa chochote, alihifadhi pumzi zote hizo. Nafasi ya mwezi mzima ilikuwa ikienda hivyo, na Skola hakutaka iende namna nyingine.

"Dada," alisema Msengi.

Hakutoa shikamoo. Tangu ajifunze kusema hakuwahi kumwita bila kuitoa.

"Dada, nani alikuwa naye?"

Sauti ikakatika hapo. Karani akayahifadhi maneno hayo chini ya jina la Msengi Mughwai, akaacha mahali pa jibu peupe.

Bi Zaituni alikuwa ameshamsogezea kipaza sauti. Skola alikishika. Alikuwa na mengi ya kusema, ya hospitali, ya alfajiri ile, ya maji ya kuoshea yaliyokuwa ya baridi, na yote yangekatwa njiani. Akachagua yanayotosha pumzi moja.

"Mimi," alisema. "Mimi peke yangu."